Msaidizi wa Kadi ya Benki: Mwongozo Kamili wa Kupanga Safari Ukiwa Uganda

Mjomba wangu wa Mombasa aliponiambia anataka kuja na mkewe kuwaona gorila wa Bwindi, ule msitu wa milimani kusini-magharibi mwa Uganda, niliamua kumwondolea usumbufu. Nikaiandikia huduma ya msaidizi inayoambatana na kadi yangu ya benki: watu wawili, siku tatu, watafutiwe vibali na mahali pa kulala. Jioni yake jibu likaja, limepangwa vizuri, na picha za milima juu: kibali kimoja dola 800, viwili dola 1,600. Bei ile ilikuwa sahihi kwa mgeni anayetoka Ujerumani. Lakini Mjomba ni Mkenya, na kwa bei za Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda zilizoanza Julai 2024, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda. Uraia wake sikuuandika popote kwenye ujumbe wangu, na aliyekuwa akinijibu, akiwa ofisini katika nchi nyingine, hakujua kwamba jambo hilo lina uzito.

Tangu hapo nimeitumia huduma hii kwa safari kadhaa, kubwa kuliko zote ikiwa ya kumpeleka Mama Istanbul, na ninaithamini kwa dhati. Msaidizi huyu ninamtuma kama ningemtuma kijana mwerevu ambaye hajawahi kufika kwetu. Ana miguu myepesi, ana simu, ana subira, ila asipoelekezwa atabisha hodi kwa jirani. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kumwelekeza.

Ni huduma gani hasa

Wenye benki huiita konsieji. Ni neno la Kifaransa, maana yake ya asili ni bawabu anayetunza jengo. Hoteli kubwa zilimchukua bawabu huyo zikamweka mapokezini, awatafutie wageni meza ya chakula, gari, tiketi, daktari. Kampuni za kadi nazo zikaichukua kazi hiyohiyo zikaiweka kwenye simu. Unapiga au unaandika saa yoyote, mchana au usiku, na mtu anakutafutia hoteli, ndege, dereva, mgahawa, hata maua ya kumpelekea mgonjwa. Huduma yenyewe hulipii kila unapoitumia. Unalipia kile kilichonunuliwa. Gharama yake iko ndani ya ada ya mwaka ya kadi, kwa hiyo usipoitumia umeshailipia bure.

Mara nyingi anayekujibu si mfanyakazi wa benki yako. Ni wa kampuni iliyopewa kandarasi. Aspire Lifestyles na Ten Lifestyle Group ni mbili kati ya kampuni zinazofanya kazi hiyo duniani. Jambo hili ulishike, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini msaidizi anaweza kuijua London barabara kwa barabara na asijue kwamba Kihihi na Kisoro, viwanja viwili vya ndege ndogo vya kwendea Bwindi, si mahali pamoja.

Hatua ya kwanza: ijue kadi yako

Watu wengi Kampala wanayo huduma hii na hawajui. Biashara ilikua, meneja wa tawi akawapandisha daraja, wakapewa kadi nzito nyeusi au ya kijivu, na karatasi iliyokuja nayo ikabaki kwenye bahasha. Kinachoangaliwa ni daraja la kadi. Kwa upande wa Visa, tafuta maneno Platinum, Signature au Infinite. Kwa Mastercard, World au World Elite. Kadi si lazima iwe ya mkopo. Kadi ya debiti ya daraja la juu, inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, nayo inaweza kuwa na msaidizi, na hilo ni jema kwetu kwa kuwa kadi za debiti ndizo zilizoenea hapa.

Daraja peke yake halitoshi, maana kila benki huchagua itakachowapa wateja wake. Ingia tawini au piga namba iliyo nyuma ya kadi, uulize: huduma ya msaidizi imewashwa kwenye kadi yangu? Namba yake inapitika kutoka laini za Uganda, na nikiwa nje je? Kuna barua pepe au mazungumzo ya maandishi? Mke wangu au mume wangu anaweza kuitumia bila mimi? Swali la namba lisukume mpaka upate jibu. Namba nyingi za bure zimewekwa kwa ajili ya wapigaji wa nchi fulani, ukizipiga ukiwa Entebbe zinalia kidogo na kukatika. Omba namba ya kawaida inayoanza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Mimi huchagua barua pepe kwa sababu maandishi yanabaki.

Palepale uliza pia kuhusu bima ya safari. Kadi nyingi za daraja la juu zina bima, na mara nyingi inafanya kazi tu ikiwa tiketi imelipwa kwa kadi hiyohiyo. Anayelipa ndege kwa pesa taslimu kwa wakala wa mtaani, kisha akadhani kadi itamlinda, atagundua akiwa hospitalini.

Hatua ya pili: jiandikishe kabla ya haja

Usisubiri siku ndege inapofutwa ndipo uanze kutamka jina lako herufi kwa herufi. Jiandikishe wiki tulivu. Utaulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, barua pepe na tarakimu chache za kadi ili wahakikishe daraja lake. Kisha waambie mambo yasiyobadilika: nyama halali tu, hakuna pombe chumbani, kiti cha kando ya njia, magoti ya Mama. Hayo yanawekwa kwenye faili lako, na ukiandika tena baada ya miezi minane mtu mwingine kabisa atayakuta yakimsubiri.

Kuhusu usalama nina msimamo mkali. Msaidizi wa kweli anaweza kuhitaji maelezo ya kadi ili akulipie hoteli, lakini hana haja ya PIN yako, na hana haja ya ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako, isipokuwa wewe mwenyewe uiingize kwenye ukurasa wa malipo. Na mazungumzo uyaanzishe wewe. Mtu akikupigia na kusema yeye ni msaidizi wa kadi yako na ana zawadi ya safari, kata simu, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi.

Hatua ya tatu: jua asichokifanya

Hakuombei viza. Atakueleza kinachotakiwa, pengine atakupa kiungo cha ubalozi, lakini fomu, picha, alama za vidole na mahojiano ni vyako. Ni jambo zito kwetu, kwa kuwa mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji viza kwenda Uturuki, Dubai, Ulaya na Uingereza. Akikupangia safari nzuri bila kukuuliza una viza, mpango huo bado ni karatasi.

Hakuhakikishii bei ya chini kuliko zote. Anatafuta kilicho wazi kwenye mifumo yake, na wakati mwingine ana bei maalumu ya hoteli kubwa yenye kifungua kinywa au chumba bora zaidi bila nyongeza. Kwa hoteli ndogo ya familia, mara nyingi wewe mwenyewe ukipiga simu utapata nafuu. Na chochote kinachouzwa kwa mazungumzo ya ana kwa ana, kama gari la kukodi la jamaa wa Mbarara anayeijua barabara ya Kabale usiku na mchana, hicho kiko nje ya mtandao wake.

Hatua ya nne: andika maagizo

Hapa ndipo safari inapotengenezwa au kuharibika, kwa hiyo nitakaa hapa.

Panga kwanza kwa Kiswahili, kwenye karatasi, ndipo uandike kwa Kiingereza, lugha ambayo wasaidizi wengi wanafanyia kazi. Ukianza moja kwa moja kwa lugha ya pili, utaandika yale unayojua kuyasema na kuyaacha yale unayoyahitaji.

Anza na saa. Sisi tunahesabu saa kutoka jua linapochomoza, na Waganda wanahesabu vilevile kwa Luganda. Saa tisa usiku yetu, wao wanaiandika 03:00. Nina jirani aliyemwagiza dereva kwa simu, akamtafsiria saa neno kwa neno, akasema tisa. Dereva akafika 09:00 na ndege ilikuwa imeshaondoka tangu alfajiri. Andika saa kwa tarakimu nne, mfumo wa saa 24, bila neno la asubuhi wala jioni. Ndege inayoondoka Entebbe 00:40 Jumamosi inataka uondoke nyumbani Ijumaa usiku, kwa hiyo dereva mwandikie tarehe ya Ijumaa. Hilo limewakosesha watu safari wengi kuliko foleni ya magari ya Kibuye, Kampala.

Tarehe nazo ziandike kwa jina la mwezi. Kwetu 03/04 ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.

Majina yawe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mama yangu anajulikana mtaa mzima kwa jina la Hajati, na hata risiti zake za duka zimeandikwa hivyo. Hajati haimo kwenye pasipoti yake, kwa hiyo haiwezi kuwamo kwenye tiketi. Angalia na muda wa pasipoti: nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa miezi 6 kuanzia siku unapoingia.

Baada ya hapo taja uraia wa kila msafiri, hata kama unaona ni wazi. Ndiyo iliyokuwa tofauti ya dola 800 na shilingi 300,000. Taja umri pia: kwenye gorila, mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kupanda mlimani kuwaona, hata akiwa mrefu kuliko baba yake.

Kisha bajeti. Watu wetu wengi huona haya kutaja pesa, wakasema tu wanataka hoteli nzuri. Msaidizi anahudumia pia watu wanaolala kwa dola 900 usiku mmoja, na kwake nzuri ni hiyo. Andika kiasi kwa usiku, pamoja na kodi, kwa sarafu uliyoizoea, na useme kama ni mwisho au unaweza kuongeza kidogo kwa sababu fulani.

Mwisho, gawanya mambo mafungu mawili: yasiyogusika na yanayoweza kusogea. Hii ndiyo barua niliyoandika kwa safari ya Istanbul, kwa Kiswahili chake cha kwanza:

"Wasafiri watatu, wote raia wa Uganda: mama wa miaka 68, mimi, na mdogo wangu wa kike wa miaka 19. Viza tunazo tayari. Tunaondoka Entebbe tarehe yoyote kati ya 6 na 9 Mei na kukaa usiku sita. Yasiyogusika: ndege ya moja kwa moja, kiti cha magurudumu kwa Mama viwanja vyote viwili, hoteli iliyo tambarare, yenye lifti, umbali wa kutembea wa dakika tano hadi kituo cha tramu ya T1, vyumba viwili vinavyopakana, chakula halali. Yanayoweza kusogea: siku ya kuondoka, daraja la hoteli, mandhari ya bahari. Bajeti ya malazi ni dola 130 kwa chumba kwa usiku, kodi ikiwamo. Lengo la safari: Mama anataka kuswali kwenye misikiti ya kale na mdogo wangu anataka kuona vitambaa vya jumla mtaa wa Laleli. Naomba hoteli tatu tu, na udhaifu wa kila moja. Nahitaji jibu kabla ya Alhamisi 18:00, saa za Kampala."

Mstari wa udhaifu usiuache kamwe. Msaidizi akiombwa mapendekezo ataleta sifa. Akiombwa udhaifu atapiga simu kuuliza. Kwa barua ile alinirudishia kwamba hoteli ya kwanza ina lifti lakini kuna ngazi saba kuifikia kutoka barabarani. Magoti ya Mama yaliokolewa na simu hiyo moja. Mstari wa lengo nao una kazi: alipojua habari ya vitambaa, aliondoa hoteli za upande wa Asia wa jiji na kutafuta karibu na Laleli.

Hatua ya tano: lisome jibu kwa kalamu mkononi

Jibu linapokuja limependeza, usilipokee lote. Mpango wa kwanza niliopewa ulimpeleka Mama Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kale, siku ya Jumapili. Soko hilo hufungwa Jumapili. Jumba la Topkapı lilikuwa limewekwa Jumanne, siku linapofungwa. Ni makosa madogo yaliyorekebishwa kwa ujumbe mmoja, lakini yangegunduliwa mlangoni, na mzee wa miaka 68 amesimama juani. Kila mahali palipotajwa, tafuta siku za kufungua kwenye tovuti yake yenyewe.

Angalia ramani. Istanbul ina viwanja viwili vya kimataifa, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Ndege nafuu ya kuunganisha ikitua kiwanja kimoja na kuondoka kingine, utalazimika kuvuka jiji zima na mizigo. London nako kuna Heathrow na Gatwick, na Uganda Airlines inatua Gatwick. Waulize umbali kwa dakika za gari saa za msongamano, maana kilomita hazisemi kitu. Sisi wa Kampala tunalijua hilo.

Halafu chukua jina la hoteli na utafute bei mwenyewe, kwenye tovuti ya hoteli na kwingine, tarehe zilezile. Ukikuta nafuu, mwandikie msaidizi aifikie. Wakati mwingine ataweza, wakati mwingine atakueleza kwamba ile ya chini hairudishwi. Hapo ndipo pa kuuliza kwa maandishi: bei hii ina kodi zote? Mwisho wa kufuta bila gharama ni siku gani, saa ngapi, kwa saa za nchi gani? Pesa anazichukua nani, hoteli au wakala? Nikichelewa kufika kwa sababu ya ndege, chumba kinabaki?

Kama viza bado hujaipata, omba nafasi zinazoweza kufutwa bure, na tiketi usiilipe. Kwa viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ombi linapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisiwe chini ya siku 15. Bima inatakiwa igharamie angalau euro 30,000. Mwambie msaidizi akupe barua ya bima ya kadi inayotaja kiasi hicho na majina ya wasafiri wote. Kama bima ya kadi haifiki hapo, nunua nyingine mapema badala ya kubishana dirishani.

Hatua ya sita: kulipa

Kagua kikomo cha kadi kabla ya msaidizi kujaribu kulipa. Malipo yakikataliwa, nafasi iliyoshikiliwa inaachiwa, na bei ya kesho huenda isiwe ya leo. Ijulishe benki kwamba utasafiri, nchi gani na siku gani, ili mfumo wao usiifunge kadi unapolipa chakula cha kwanza.

Laini yako ya Uganda, ile iliyosajiliwa benki, hakikisha itafanya kazi nje ya nchi. Namba za uthibitisho zinakuja huko. Nimemwona mfanyabiashara mwenzangu Dubai akiwa na kadi yenye pesa za kutosha na simu yenye laini mpya ya huko, ameshindwa kulipa chochote kwenye mtandao kwa siku mbili kwa sababu laini yake ya nyumbani ilikuwa kwenye droo, Kisenyi.

Kwenye mapokezi ya hoteli watazuia kiasi fulani juu ya kadi kama dhamana. Pesa hazijatoka, ila huwezi kuzigusa mpaka waziachilie, na inaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka. Kwenye kadi ya debiti hizo ni pesa zako za matumizi. Kama una kadi ya mkopo, dhamana iweke huko, na ulipe deni lote taarifa ya mwezi inapofika, kwa kuwa riba ya kadi hula faida yote ya msaidizi. Mashine ikikupa uchague kulipa kwa sarafu ya nchi uliyoko au kwa shilingi, chagua sarafu ya pale. Ile ya kukubadilishia papo hapo kwa kawaida ina kiwango kibaya.

Hatua ya saba: thibitisha mwenyewe

Siku tatu kabla ya kuondoka, iandikie hoteli moja kwa moja na uwape namba ya nafasi yako. Usiwaulize tu kama ipo. Waulize wanachokiona kwenye mfumo wao: majina, siku, vyumba, kitanda, maombi maalumu. Kwa ndege, chukua ule msimbo wa herufi na tarakimu sita, uingize kwenye tovuti ya shirika lenyewe, uone kiti cha magurudumu kimeandikwa. Mashirika mengi hutaka kiti hicho kiombwe angalau saa 48 kabla. Chapisha kila kitu kwenye karatasi, nakala moja ndani ya begi la Mama.

Ukiwa njiani

Nikiambiwa nichague wakati mmoja tu wa kuitumia huduma hii, nitachagua usiku ule ndege inapofutwa. Watu mia mbili wanasimama kwenye dawati moja. Wewe simama kwenye foleni na wakati huohuo muandikie msaidizi: namba ya ndege, msimbo wa tiketi, wasafiri wangapi, mnalazimika kufika wapi na lini. Tiketi ya shirika atakayeibadilisha ni shirika au aliyeiuza, lakini yeye atakuambia ndege zipi za asubuhi zina nafasi, ili ukifika dirishani uombe kitu kinachojulikana. Atakutafutia chumba karibu na uwanja kabla hao mia mbili hawajaanza kutafuta. Omba barua ya shirika inayoeleza sababu ya kuchelewa. Bima haitalipa bila hiyo. Na risiti za chakula na teksi zitunze.

Kwa mambo madogo ya mjini, kama mgahawa usiohitaji nafasi au teksi ya mtaa wa pili, usimsumbue. Mapokezi ya hoteli yako hapo chini na wanajua zaidi.

Bwindi, na safari nyingine za hapa nyumbani

Nirudi kwa Mjomba. Ndani ya Uganda ninagawa kazi. Vibali ninavishughulikia hapahapa, kwa Mamlaka ya Wanyamapori yenyewe, ofisi zao zikiwa Kira Road, Kamwokya, au kupitia kampuni ya utalii ya Uganda ninayoifahamu. Kila familia ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa saa moja, kwa hiyo miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti hasa, nafasi huisha mapema sana. Kibali ndicho kinachopanga siku. Hoteli na ndege vifuate nyuma yake.

Na kibali kina sehemu yake. Bwindi ina milango minne ya kupandia: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kwenye ramani zinaonekana jirani, kumbe kati ya Buhoma na Rushaga kuna saa kadhaa za barabara ya mlima. Maelezo ya wahifadhi huanza kama saa mbili asubuhi, na mgeni aliyelala upande usio wake atakuwa bado kwenye kona za Ruhija wenzake wakiingia msituni. Kwenye barua yangu ya pili kwa msaidizi niliandika: kibali ni cha Rushaga, malazi yawe Rushaga, si Bwindi kwa jumla. Ndege ndogo nayo inafuata hilohilo: kwa Buhoma unatua Kihihi, kwa Rushaga na Nkuringo unatua Kisoro. Ndege hizo hukubali mzigo wa kilo 15, begi laini, kwa hiyo masanduku magumu yaachwe Entebbe. Kwa gari kutoka Kampala, tenga siku nzima.

Yaliyobaki nilimwachia msaidizi, na aliyafanya vizuri: tiketi za kutoka Mombasa, hoteli ya usiku wa kwanza Entebbe ili wasiingie Kampala bila sababu, gari la kuwapokea, kadi ya homa ya manjano akawakumbusha wiki mbili kabla. Vitambulisho vyao vya Kenya nilimsisitizia Mjomba mwenyewe kwa simu, kwa sababu mtu wa bei ya Afrika Mashariki anatakiwa kuonyesha uraia wake siku ya kupanda. Na nikamwambia akodi mbeba mizigo pale mlangoni hata kama anajiona ana nguvu. Ni vijana na kina mama wa vijiji vya pale, wanajua kila mzizi, na mkono wao kwenye utelezi una thamani kuliko fimbo.

Ukisharudi

Subiri taarifa ya kadi ya mwezi unaofuata na uisome mstari kwa mstari, ukitafuta dhamana ambayo haijaachiliwa au usiku uliolipwa mara mbili. Ukikuta kosa, mwandikie msaidizi na benki siku hiyohiyo, ukiambatisha uthibitisho wenye bei. Muda wa kupinga malipo una mwisho. Kisha mpe msaidizi taarifa fupi ya kilichokuwa kizuri na kibaya, ili iingie kwenye faili lako.

Kama ulituma nakala za pasipoti za watu wengine, kama nilivyotuma za Mama na mdogo wangu, andika ombi zifutwe na upate jibu kwamba zimefutwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inakupa haki ya kuomba hivyo kwa benki yako. Mimi huomba zifutwe picha za pasipoti na tarakimu za kadi, na habari ya magoti ya Mama wabaki nayo.